Tiba ya unga isisubiri meli

Mtu aliyezoea unga, yaani heroini, hawezi kungoja siku mbili. Hazipiti saa nyingi baada ya kete ya mwisho, arosto inamwanzia: miayo isiyokoma, machozi na kamasi, ngozi kusisimka kwa baridi hali jua linawaka. Kisha viungo vinauma, tumbo linakata, anatapika na kuharisha. Siku ya pili na ya tatu ndizo nzito zaidi. Ukimwambia kijana wa Micheweni aliye katika hali hiyo kwamba dawa yake ipo Unguja, apande gari mpaka Mkoani, ncha ya pili ya kisiwa, akate tiketi ya meli, avuke, atafute pa kulala, umemrudisha maskani akanunue kete nyengine.

Ndiyo maana leo tunalisema jambo hili bila kuzunguka. Kwa sensa ya 2022, Pemba ina watu 543,441 katika wilaya nne: Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani. Tiba ya uraibu inapaswa kupatikana katika kila wilaya, kila siku ya Mungu, kwenye hospitali ileile wanakotibiwa wenye kisukari na kifua kikuu. Kituo kimoja hakitoshi, hata kikiwa Chake Chake katikati ya kisiwa. Mtu anayetakiwa kunywa dawa yake kila asubuhi hawezi kulipa nauli ya kwenda na kurudi kila asubuhi, tena hana kazi, na pesa yake ya mwisho imeishia kwenye unga.

Unga si mgeni Zanzibar. Ulianza kuonekana miaka ya 1980, ukivutwa kwa moshi au kuchanganywa na bangi ndani ya sigara, ile inayoitwa kokteli. Kujidunga sindano kulifuata baadaye, kukaja na balaa yake ya maradhi. Shehena yenyewe hutoka Afghanistan, hupita pwani ya Makran huko Iran na Pakistan, ikapakiwa kwenye majahazi yanayoshuka mpaka bahari yetu. Mwezi Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Anayeijua ramani ya Pemba, vijighuba vyake, mikoko yake na bandari bubu zake zilizopitisha karafuu za magendo miaka nenda miaka rudi, hahitaji kuambiwa kwa nini kisiwa hiki hakiwezi kujiona kipo mbali na biashara hiyo.

Wapo waliotegemea kwamba unga ungekauka wenyewe. Mwezi Aprili 2022 utawala wa Taliban ulipiga marufuku kilimo cha mpopi, mmea unaozaa unga, na mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ukaripoti kwamba mashamba yamepungua kwa asilimia 95. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania Bara ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Akiba ilikuwepo, na wafanyabiashara walikwishapata bidhaa ya pili. Unga unapoadimika mtaani, mraibu haponi. Anauziwa mchanganyiko asioujua, au anahamia kwenye vidonge vya usingizi vinavyouzwa kiholela. Na tuliweke wazi mapema: methadoni ni dawa ya uraibu wa heroini na jamii yake. Haitibu uraibu wa methamfetamini. Hiyo ikienea visiwani, tutahitaji washauri nasaha na waganga wa maradhi ya akili wengi kuliko tulionao, na hao hawasomeshwi kwa mwaka mmoja.

Methadoni yenyewe inafanya nini? Mgonjwa huanzishwa kwa kipimo kidogo, mara nyingi miligramu 20 hadi 30, kinachopandishwa taratibu kwa wiki kadhaa mpaka arosto itulie na hamu ya unga ishuke. Dozi moja humshikilia siku nzima na zaidi. Hana haja ya kuiba kuku wala simu ya mama yake ili aipate kete ya jioni.

Tazama inavyotolewa. Asubuhi watu wamejipanga mbele ya dirisha dogo lenye nondo. Mmoja anataja namba yake, muuguzi anafungua daftari au kompyuta, anamtazama usoni kuona kama amelewa, kisha anampimia maji ya dawa kwenye kikombe cha plastiki. Anakunywa palepale, anaongezewa maji, anakunywa tena, halafu anaambiwa aseme neno: jina lake, au salamu tu. Akisema, muuguzi anajua amemeza na hakuificha dawa mdomoni akaiuze nje. Kazi yote haizidi dakika mbili tatu. Kisha mtu anakwenda zake kubeba mizigo, kuvua, kuparamia mkarafuu, kufungua duka la ndugu yake. Kesho anarudi. Kesho kutwa anarudi. Sikukuu anarudi. Tiba yote imesimama juu ya kurudi huko. Ndiyo maana umbali si jambo dogo la usafiri linaloweza kushughulikiwa baadaye. Umbali ndio unaoamua nani atatibiwa na nani ataachwa.

Tanzania ilianza huduma hii Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Februari 2011, kisha Mwananyamala na Temeke. Zanzibar ikafuata mwaka 2015 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu, Unguja. Zilikuwa hatua za kupongezwa na sisi tunazipongeza. Lakini kwa Mpemba, dirisha la Kidongo Chekundu lilikuwa na maana moja kwa miaka: uhame. Ukitaka kupona, uache nyumba yenu, uvuke bahari, ukapange chumba Ng'ambo usikokuwa na mtu, ukae miezi au miaka ukinywa dawa yako kila asubuhi. Aliyekuwa na shangazi Unguja mwenye moyo wa kumpokea alijaribu. Asiye na mtu alibaki.

Na hapa pana fundo ambalo familia za Pemba zinalijua vizuri kuliko kitabu chochote. Vijana wetu wengi hawakuuonja unga kwao. Waliondoka Pemba kutafuta maisha, wakaenda Unguja, Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, wakalala kwenye mageto na wenzao, na huko ndiko walikoupata. Habari zilipofika nyumbani, wazee walifanya kile ambacho mzazi yeyote angefanya: walimfuata, wakamrudisha shamba. Nia ilikuwa kumtenga na waliomharibu. Kijijini hakuna kete, walisema, atakaa, atatulia, atarudi kuwa mtu.

Kwa wiki za mwanzo hesabu hiyo huonekana imejibu. Kijana anakula, analala, anasali na baba yake. Mwili wake umeusahau unga, na kusahau huko ndiko kunakoua. Mwili uliokaa miezi bila heroini hauwezi tena kubeba kipimo ulichokuwa unakibeba zamani. Hamu haijatoka kichwani, uvumilivu wa mwili umetoka. Siku anapotumwa Chake kununua sabuni na mchele, akakutana na mtu wa zamani, akapiga kipimo kilekile cha zamani, pumzi inazama polepole mpaka inasita. Watu husema kafa ghafla, kazi ya Mungu. Kazi ya Mungu ni kweli, lakini ipo dawa iitwayo nalokisoni inayorudisha pumzi hiyo ikiwahiwa ndani ya dakika chache, na tunauliza kwa uzito wote: ipo kwenye kabati la kituo gani cha afya kisiwani hapa? Daktari wa zamu usiku Micheweni anaweza kuifikia? Ndugu wa mraibu wamefundishwa kuitumia?

Hatari hiyohiyo humngoja anayetoka Chuo cha Mafunzo, yaani jela. Miezi sita ndani bila unga haijamtibu. Imemshusha uvumilivu tu, kisha mlango unafunguliwa na anatoka peke yake na nauli mfukoni. Utafiti uliofanywa nchi nyingi umeonyesha kwamba waraibu wa heroini walio kwenye methadoni au dawa mwenzake, buprenofini, wana uwezekano wa kufa chini ya nusu ya ule wa wenzao walioachwa bila dawa, na kwamba wiki za mwanzo baada ya kutoka kizuizini ndizo za kuogopwa zaidi. Kumwanzishia mfungwa dawa angali ndani, kisha kumkabidhi kwa hospitali ya wilaya yake siku anayotoka, ni kazi ya barua moja na simu moja. Ifanywe.

Tukiuliza Pemba ina waraibu wangapi, tunagonga ukuta. Tafiti kubwa za Zanzibar kuhusu wanaojidunga, ya mwaka 2007 na ya 2012, zilifanywa Unguja. Zilifichua jambo zito: maambukizi ya virusi vya Ukimwi miongoni mwa wanaojidunga yalikuwa asilimia 16 mwaka 2007, yakashuka hadi 11.3 mwaka 2012, wakati katika jamii nzima ya Zanzibar hayafiki asilimia 1. Kushuka huko ni ushahidi kwamba kazi ikifanywa inazaa. Lakini anayepanga bajeti kwa takwimu za Unguja ataipa Pemba makombo, kwa sababu kwenye karatasi yake Pemba haionekani. Wizara ya Afya na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2021, wapeleke wahesabuji Pemba. Wahesabu wanaojidunga na wanaovuta, wahesabu na wanawake, ambao hujificha zaidi kwa sababu aibu yao ni mara mbili. Hesabu hiyo isisubiriwe ndipo madirisha yafunguliwe. Mambo mawili yaende pamoja.

Muhali nao ni kikwazo. Kisiwa ni kidogo, kila mtu ni mtoto wa fulani. Sheha anamjua muuzaji, lakini muuzaji ni mkwe wa jirani yake. Mama anajua mwanawe anatumia, lakini akimpeleka hospitali leo, kesho binti yake hatoposwa. Basi familia inajifungia na msiba wake. Wapo wanaomfungia kijana chumbani na kumpitishia chakula dirishani. Wapo wanaouza mkarafuu au ng'ombe kumlipa mganga. Hatuwacheki wala hatuwatukani: wazazi hawa wamefanya kila kilichokuwa karibu na mkono wao. Kisomo kina nafasi yake na dua ina nafasi yake. Ila arosto ni ugonjwa wa mwili, wenye dawa yake inayojulikana, na Shirika la Afya Duniani liliziweka methadoni na buprenofini kwenye orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2005. Mzazi hafai kulaumiwa kwa kutotumia dawa ambayo hajawahi kuletewa.

Tunasikia pia hoja kwamba methadoni ni kumtoa mtu kwenye ulevi mmoja na kumtia mwengine. Wanaoisema wengi wao ni watu wema, na baadhi yao wanasimama kwenye mimbari, kwa hiyo wanastahili jibu la heshima. Anayetumia heroini hupanda na kushuka mara tatu nne kwa siku, na kila akishuka anatafuta pesa kwa njia yoyote. Aliye kwenye kipimo sahihi cha methadoni hapandi wala hashuki. Akili yake ipo, anafanya kazi, anasimama kwenye safu msikitini na aliye kando yake hatambui kitu. Malaysia, nchi yenye Waislamu wengi, ilianza mpango wa methadoni mwaka 2005. Mwaka 2010 Msikiti wa Ar-Rahman ulio jirani na Chuo Kikuu cha Malaya, Kuala Lumpur, ukafungua huduma ya methadoni ndani ya eneo la msikiti, wagonjwa wakipata dawa pamoja na mafunzo ya dini. Iran nayo ina vituo vya methadoni vingi mno. Hatusemi kila msikiti wa Wete uwe kliniki. Tunasema Ofisi ya Mufti na maimamu wetu wana mfano wa kuutazama, na khutba moja ya Ijumaa inayosema wazi kwamba anayekwenda kunywa dawa yake ni mgonjwa anayejitibu itawafungulia njia watu wengi kuliko mabango.

Sasa tuje kwenye maisha ya Pemba yenyewe, kwa sababu huduma iliyoigwa kutoka mjini bila kurekebishwa itakwama. Mvuvi wa Kojani huenda dago. Hukaa wiki au miezi kwenye kambi za mbali, pwani ya Tanga, Kenya au kwengineko. Mchumaji wa karafuu msimu ukifika huamka alfajiri na kurudi jioni na pishi zake, na siku aliyoikosa mkarafuuni ndiyo pesa ya mwaka. Msimu huo ndio pia pesa taslimu huwa nyingi mikononi mwa vijana, na wauza unga wanalijua hilo. Ukimlazimisha mtu huyu achague kati ya dago na dirisha, atachagua dago, na dawa itakatika.

Njia za kumsaidia zipo. Mgonjwa aliyetulia kwa miezi anaweza kupewa dozi za kuchukua nyumbani, za siku kadhaa, chini ya ulinzi wa mzazi au mkewe. Ugonjwa wa Uviko-19 ulipoingia mwaka 2020, nchi nyingi zililegeza masharti na kuruhusu jambo hilo. Buprenofini huwekwa chini ya ulimi, na ni salama zaidi kupelekwa nyumbani kwa sababu kuizidisha peke yake hakuui kwa urahisi. Tena siku hizi ipo ya sindano inayodumu mwezi mzima. Kwa mtu wa dago, sindano ya mwezi inaweza kuwa ndiyo tiba pekee inayowezekana. Ghali? Ndiyo. Basi iombwe kwa wavuvi wachache wa kuanzia, tuone. Madirisha yafunguliwe kabla ya saa moja asubuhi wakati wa msimu wa karafuu. Visiwa vidogo kama Fundo, Kojani, Makoongwe na Kisiwa Panza vifikiriwe tangu mwanzo, kwa sababu mkaazi wake anahitaji mashua kabla hajafika hata kituo cha gari.

Wenzetu wa visiwa wametangulia. Mauritius ilianza methadoni mwaka 2006, miongoni mwa nchi za kwanza Afrika, na baadaye ikazitawanya sehemu za kunywea dozi ziwe karibu na makaazi badala ya kuwakusanya watu wote pahala pamoja. Ufaransa mwaka 1995 iliwaruhusu madaktari wa kawaida wa mitaani kuandika buprenofini, na ndani ya miaka minne vifo vya kuzidisha unga vilishuka kwa karibu asilimia 80. Jambo kubwa lililobadilika huko ni umbali: dawa ilikwenda kwa mgonjwa.

Nyumba za upataji nafuu zina sehemu yake, na haitakuwa haki kuzipita kimya. Tangu mwaka 2009, Zanzibar ilipoanza kuwa na nyumba hizo, walioziendesha wengi ni watu waliotoka kwenye unga wenyewe, na walifanya kazi hiyo wakati serikali ilikuwa haijajua pa kuanzia. Mtu aliyepitia arosto humwelewa mwenzake bila maelezo. Lakini nyingi ziko Unguja, familia hulipa ada ya kila mwezi, na si kila mlezi amefundishwa kumtambua mgonjwa anayehitaji daktari. Serikali imejenga kituo chake Kidimni, Wilaya ya Kati Unguja. Vyema. Tunachotaka ni kuona waliopona wa Kipemba wakiajiriwa kwa mshahara kama wahamasishaji katika hospitali zetu nne, wawafuate wenzao maskani, wawapeleke dirishani, wawafuatilie wakikosa siku mbili. Hakuna nesi atakayeifanya kazi hiyo vizuri kuliko wao.

Kwa Jeshi la Polisi tuna neno fupi. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyoeleza namna watumiaji wa dawa za kulevya nchini, Zanzibar ikiwemo, wanavyokamatwa ovyo, kupigwa na kunyang'anywa pesa, na namna woga huo unavyowafukuza hospitali. Asikamatwe mtu akiwa njiani kwenda kunywa dawa. Mamlaka na polisi wakubaliane kwamba hatua mia moja kuzunguka dirisha la methadoni ni salama kwa mgonjwa, na nguvu zote zielekezwe kwa mwenye mzigo na mwenye jahazi. Huyo hatumwonei huruma hata chembe. Sheria ina adhabu kali na tunataka tuone ikimfikia yeye, si mwenye kete moja kila siku.

Halafu pesa. Huduma za methadoni Tanzania zilijengwa kwa msaada mkubwa wa Marekani, hasa kupitia mpango wa Ukimwi wa PEPFAR. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa agizo la siku moja, na kliniki kote Afrika zikaanza kuhesabu chupa zilizobaki stoo. Methadoni haikatwi ghafla. Mgonjwa wa miaka mitatu akikosa dozi siku tatu, arosto inarudi, na unga uko palepale ulipokuwa. Tiba ya watu wetu haiwezi kuning'inia kwenye saini ya rais wa nchi nyengine. Methadoni ni dawa ya bei nafuu. Gharama kubwa ni watumishi, ulinzi na jengo, na hivyo vyote tunavyo kwa kiasi. Fungu lake liandikwe kwenye bajeti ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, lisomeke kwa jina lake, na sehemu ya Pemba itenganishwe ili ijulikane imefika au haikufika.

Watakaosema Pemba haina uwezo wa kuendesha jambo hili, wakumbuke kisiwa hiki kimefanya nini. Mwaka 2001 Zanzibar iligawa dawa za matende na mabusha kwa watu wake wote, Unguja na Pemba, ikiwa ya mwanzo Afrika kufanya hivyo chini ya mpango wa dunia. Vidonge vya kichocho vimepelekwa skuli kwa skuli na nyumba kwa nyumba, na konokono wamefuatwa mpaka mitoni. Malaria iliyokuwa ikijaza wodi za watoto ilishuka mpaka maambukizi yakawa chini ya asilimia 1 ya watu. Wawi, Chake Chake, ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri tangu mwaka 2000, na watafiti wa dunia nzima huja kujifunza hapo. Kisiwa kilichofikisha vidonge mpaka kwa mtoto wa mwisho wa Tumbe hakiwezi kuambiwa hakiwezi kuweka muuguzi mmoja nyuma ya dirisha moja katika kila wilaya.

Hospitali ya Abdulla Mzee Mkoani ipo. Ya Chake Chake ipo, ya Wete ipo, ya Micheweni ipo. Zianze mbili mwaka huu ikiwa nne ni nyingi, moja kusini na moja kaskazini, na mbili nyengine zifuate mwaka ujao. Pawepo nalokisoni katika kila chumba cha dharura kuanzia sasa, kwa sababu hiyo haihitaji jengo wala kamati.

Mzazi unayesoma haya na mwanao amelala chumba cha ndani, usimtoe kwenu na usimfungie. Mpeleke hospitali ya wilaya, uliza waziwazi dawa ya unga inatolewa wapi, na ukijibiwa haipo, nenda kwa mwakilishi wako ukamwambie jibu ulilopewa. Pemba ina majimbo 18 katika Baraza la Wawakilishi. Bajeti ya Wizara ya Afya itakapofika barazani Chukwani, tunataka kila mmoja wa wawakilishi hao asimame amuulize waziri, kwa tarehe: dirisha la wilaya yangu linafunguliwa lini?